Je, wajua kwa nini Nduna Nkomanile hugeuka mwanaume kichwani mwa msomaji?

Soma maelezo haya mara moja, kisha fumba macho. Mwaka 1905 Nduna (cheo cha kiongozi wa Kingoni) Nkomanile wa eneo la Kitanda alimpokea Kinjala, mjumbe aliyeleta dawa ya maji, akasaidia dawa hiyo iwafikie watawala wa Kingoni. Vita vya Majimaji vikiwa bado vinaendelea alikamatwa, na tarehe 27 Februari 1906 akanyongwa na Wajerumani huko Songea.

Umemwona nani? Wanafunzi wangu wengi humwona mzee wa makamo, kifua wazi, ngao mkononi. Nkomanile alikuwa mwanamke. Katika kumbukumbu za mashujaa 67 walionyongwa, ambao Makumbusho ya Majimaji pale Songea huwaenzi kila Februari, yeye ndiye mwanamke pekee.

Nimefundisha historia Makambako, na kwa miaka minne mfululizo nilimfundisha Nkomanile kama mwanaume. Nilipogundua, nilikasirika nikidhani kitabu kilinidanganya. Nikakifungua tena ili nioneshe uongo ulipo, nisiupate. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwa mwanaume. Kitabu kilisema nduna, kikasema alipokea, alikamatwa, alinyongwa. Mwanaume nilimtia mwenyewe.

Hapo ndipo imani niliyokuwa nimeishika kwa moyo wote ilipoanza kutikisika. Niliamini, kama wanavyoamini walimu wengi wa lugha, kwamba Kiswahili hakibagui jinsia. Kiingereza kwa kawaida humlazimisha mwandishi aamue kama ni wa kike au wa kiume kila anapotumia kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja. Kifaransa na Kijerumani huenda mbali zaidi, hata meza na mlango vikapewa jinsia. Sisi tuna yeye, tuna a-, tuna -ake, basi: alitawala, jeshi lake, wakamfuata. Kihehe, Kibena, Kinyakyusa na Kisafwa ni hivyo hivyo, kwa hiyo mtoto wa Nyanda za Juu Kusini hakutani na mgawanyo huo nyumbani wala katika Kiswahili cha shuleni. Akianza kuandika insha za Kiingereza, shangazi na mjomba hubadilishana viwakilishi ukurasa mzima.

Nikahitimisha kwamba lugha isiyotaja jinsia haiwezi kumficha mwanamke. Nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe linafaa kutazamwa bila haraka kwa sababu linaonekana la haki kabisa. Sarufi isipotaja jinsia, kazi ya kuitaja humwangukia msomaji. Mwandishi pengine alijua. Msomaji anakisia, tena anakisia upesi kiasi kwamba hahisi kama amekisia.

Chukua mfano wa njia panda yetu hapa Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya kutoka Iringa kwenda Mbeya. Lori linatokea upande wa Njombe, limefunikwa turubai, kamba zimekazwa. Muulize kijana wa bodaboda limebeba nini. Makaa ya mawe, atakwambia, maana miaka hii ya karibuni ameyaona mengi yakitoka Ruvuma. Muulize mzee aliyekaa kibandani pake tangu miaka ya 1980, atasema mahindi. Lori hilo hilo likipita Mafinga litaitwa la mbao, na Kyela litakuwa la mchele. Turubai halikumwambia mtu yeyote kitu. Kila mmoja amejibu kwa mizigo aliyowahi kuiona ikishushwa.

Kiambishi a- ni turubai, na cheo ndicho lori. Nduna, chifu, jemadari, mtemi: katika malori hayo msomaji ameona wanaume wakishuka, somo baada ya somo. Likija lori jipya lenye jina asilolifahamu, hujaza mwanaume.

Kuna sehemu ya pili, nayo ndiyo inayonishangaza zaidi. Turubai lisipofunuliwa, kijana wa bodaboda hatajua kama alikosea. Lori linapita, na yeye kichwani anaongeza lori moja la makaa ya mawe kwenye hesabu ya yale aliyoyaona. Kesho atakuwa na uhakika zaidi. Msomaji naye ni hivyo: Nkomanile anaingia kwenye hesabu ya manduna wanaume aliowasoma, na nduna atakayefuata atakuwa mwanaume kwa urahisi zaidi. Mwanamke aliyepaswa kuirekebisha picha ametumika kuikazia.

Kama maelezo haya ni ya kweli, kubadilisha mizigo inayoonekana kunapaswa kubadilisha makisio. Neno Spika linatupa nafasi ya kujaribu. Wazee wa Iringa walimzoea Adam Sapi Mkwawa, aliyekalia kiti hicho kwa miaka mingi hadi 1994. Kisha mwaka 2010 Anne Makinda, mzaliwa wa Njombe, akawa Spika wa kwanza mwanamke nchini, na tarehe 1 Februari 2022 akafuata Dkt. Tulia Ackson, mzaliwa wa Rungwe. Wote wawili ni wa nyanda hizi. Katika mwaka wa pili wa Dkt. Tulia kitini niliwaambia wanafunzi wachore picha ya sentensi moja: Spika aliingia bungeni, akaketi. Wengi walichora mwanamke. Dakika kumi baadaye, darasa hilo hilo, nikawapa nyingine: jemadari aliingia kijijini, akaketi. Walichora wanaume watupu. Darasa moja halitoshi kuthibitisha jambo, na wale walikuwa wamemsikia Dkt. Tulia redioni wiki hiyo hiyo. Hata hivyo sarufi ya sentensi zote mbili ni moja; kilichotofautiana ni cheo.

Bibi Titi Mohamed hakumbwi na haya. Aliwaongoza wanawake wa TANU kuanzia 1955, akawa mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa wanawake, UWT, mwaka 1962, na hakuna mwanafunzi anayemchora na ndevu, kwa sababu neno Bibi limelifunua turubai kabla safari haijaanza. Nkomanile ametufikia akiwa na cheo chake cha kivita tu. Jina lenyewe halimsaidii msomaji asiye Mngoni, na huandikwa kwa namna zaidi ya moja: Nkomanile kwa hawa, Mkomanile kwa wale.

Tafsiri nayo huongeza turubai juu ya turubai. Mengi kuhusu Majimaji yaliandikwa kwanza kwa Kijerumani na Kiingereza, lugha ambazo humwonesha mwanamke katika karibu kila sentensi. Mfasiri anakuta kiwakilishi cha kike, anaandika alitawala, na amefasiri sawasawa. Hakuna mwalimu wa sarufi atakayempigia mstari mwekundu. Mwanamke ameshafunikwa lakini. Nafurahi kwamba somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo hiyo naona jambo hili ni la haraka: kadiri tunavyofasiri zaidi, ndivyo akina Nkomanile watakavyozidi kufunikwa.

Kwanza nilijaribu dawa kali. Nikaandika nduna mwanamke kila alipotajwa, aya nzima. Wanafunzi wakaanza kumwona kama kioja, wakauliza kama aliruhusiwa na mume wake, swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu nduna mwenzake Songea Mbano na wake zake. Sasa nafunua turubai mara moja tu, mwanzoni kabisa, kisha naiacha a- ifanye kazi yake. Ubaoni naandika: Nkomanile, mtawala mwanamke wa Kitanda, alimpokea Kinjala mwaka 1905. Sentensi zinazofuata ni za vita, dawa, na mti wa kunyongea.

Muhula uliopita, kabla sijafika sentensi ya pili, binti aliyekaa karibu na dirisha alinyoosha mkono. Alitaka kujua kama Kinjala naye alikuwa mwanamke. Nikamjibu kuwa alikuwa mwanaume, na akaandika hilo pembeni ya jina lake kwenye daftari.