Eko ya moyo inavyoonyesha uvimbe

Ekokadiografia, au eko kama inavyoitwa hospitalini, ni kipimo cha kuutazama moyo ukipiga kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii. Kwa mtu mzima probu, yaani kifaa kinachowekwa kifuani, hutuma mawimbi ya megahezi 2 hadi 5. Yakigonga ukuta wa moyo, vali (milango ya kupitishia damu) au uvimbe, hurudi, na mashine huyageuza kuwa picha. Mionzi haitumiki.

Mgonjwa hulalia ubavu wa kushoto ili moyo usogelee kifua. Jeli hupakwa kwa sababu hewa huzuia mawimbi. Mpimaji hutazama kandokando ya mfupa wa kifua, kwenye ncha ya moyo na chini ya mbavu. Kitu kinachoonekana upande mmoja tu kitiliwe shaka: mwangaza wa picha ukizidishwa huzua kivuli kisichokuwepo, na ukipunguzwa mno huficha bonge la kweli.

Kwa watu wazima, uvimbe unaoanzia moyoni mara nyingi ni miksoma, nao si saratani. Takriban robo tatu huota katika chumba cha juu cha kushoto, uking'ang'ania kwa kikonyo ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu. Kwenye skrini utauona ukitumbukia ndani ya vali ya mitro, iliyo kati ya chumba hicho na cha chini yake, damu inaposhuka, kisha ukirudi juu. Kwa stethoskopu mlio wake hufanana na wa vali iliyobanwa na homa ya rumatiki, ugonjwa ambao Uganda tunao kwa wingi. Kwa hiyo sikio peke yake halitoshi.

Damu iliyoganda nayo hudanganya. Hupenda kukaa katika kijifuko cha pembeni cha chumba cha juu cha kushoto, hasa mapigo yakienda ovyo. Kuna pia kovu la ndani ya moyo lililoelezwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ya 1940, ambalo huziba ncha ya moyo na kuonekana kama uvimbe.

Picha isipoeleweka, probu nyembamba hupitishwa kooni, mgonjwa akiwa hajala kwa saa 6 hivi. Umio hupita nyuma ya moyo, hivyo picha huwa safi zaidi.

Eko haithibitishi aina ya uvimbe. Maabara ndiyo huthibitisha. Ripoti nzuri hutaja ukubwa, uliposhikilia, unavyocheza na kama unaziba vali. Miksoma haicheleweshwi kupasuliwa, kwani kipande kikikatika huweza kuleta kiharusi. Ukipewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago, omba video ya kipimo, si karatasi tu.