Kiseyeye: machungwa ya Mombasa na machungwa ya Malindi

Mimi ni daktari wa meno, na ufizi ukivuja damu wagonjwa wengi huniuliza, "Daktari, hiki si kiseyeye?" Mara nyingi sicho, ni ukoga tu. Kiseyeye chenyewe humpata mtu aliyekaa mwezi hadi miezi mitatu bila vitamini C, mpaka akiba ya mwilini ikaisha. Hapo mwili hushindwa kuunda vizuri kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia nyama na kuta za mishipa ya damu. Ufizi huvimba, miguu hujaa, hata kovu la zamani huweza kufumuka.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha pwani yetu. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498 akiwa na wagonjwa melini. Mfalme wa mji akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wakapona, na mwandishi wa shajara ya safari akasifu hali ya hewa ya Mombasa!

Kutoka Malindi hadi India kusi, upepo wa msimu uvumao kuelekea India, iliwasukuma vizuri: waling'oa nanga 24 Aprili, na 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Wakati wa kurudi hawakungoja kaskazi, upepo wa kurudi Afrika, ikae. Waliondoka kisiwa cha Anjediva, pwani ya India, 5 Oktoba, wakakutana na shwari na pepo za mbele, na hawakuiona Mogadishu hadi 2 Januari 1499. Bahari ile ile, siku zaidi ya mara tatu. Ufizi uliota juu ya meno hata wasiweze kula. Watu 30 wakafa, na kila meli ikabaki na saba au wanane wa kufanya kazi.

Walipofika Malindi waliomba machungwa, wakaletewa kesho yake, lakini wengi walikufa hivyo hivyo. Safari hii shajara ikailaumu hali ya hewa. Mimi nalaumu kuchelewa: vitamini C hufanya kazi upesi, ila hairudishi damu iliyokwisha kuvuja. Mbele kidogo wakaichoma meli ya São Rafael, kwa kuwa mabaharia hawakutosha meli tatu.

Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa meli ya Uingereza, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili. Waliopewa machungwa na limau ndio waliopata nafuu haraka. Kisha akashauri maji ya matunda hayo yapashwe moto mpaka yawe mazito ili yasioze, na moto huo huo ukaiua sehemu kubwa ya vitamini. Jeshi la majini lilianza kugawa maji ya limau kwa mpango mwaka 1795.