PNG na JPEG: yasemwayo Nasser Road, na ukweli wake

Kaa asubuhi moja kwenye duka la uchapaji Nasser Road, Kampala, utamsikia mteja: "Nibadilishie iwe PNG, itakate." Mkononi ana nembo ya shule iliyozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp hadi ndege korongo aliyechorwa juu yake amezingirwa na chengachenga. PNG na JPEG ni aina mbili za faili la picha, na nembo hiyo ni JPEG.

Dhana: JPEG ikigeuzwa PNG hurudisha ubora.

Ukweli: Haurudi. JPEG hupunguza uzito kwa kuigawa picha katika miraba ya pikseli (vinukta vya rangi) 8 kwa 8, kisha kutupa mambo madogo ambayo jicho halishughuliki nayo sana. Kilichotupwa kimekwenda. PNG haitupi kitu, kwa hiyo itazitunza zile chenga zote kwa uaminifu, na mara nyingi faili litakuwa zito zaidi. Mwombe mteja faili la asili, tena alitume kama hati, kwa sababu WhatsApp huzifinya picha za kawaida.

Dhana: PNG ni bora siku zote.

Ukweli: Inategemea ni picha ya nini. Picha za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba, gomesi (magauni ya kina mama) zinameremeta na nyuso hamsini, zihifadhi kwa JPEG ya ubora wa juu. Bando litapona na bibi harusi hataona tofauti. PNG ina raha yake kwenye nembo, maandishi na picha za skrini, palipo na rangi chache na kingo kali. Pia inajua uwazi, yaani sehemu zisizo na rangi zinazoonyesha kilicho nyuma. JPEG haijui, ndiyo maana nembo yake ikiwekwa juu ya bango la njano huja na kisanduku cheupe.

Dhana: PNG ndiyo ya kuchapia.

Ukweli: Hapa nimebishana na mafundi mpaka chai ikapoa. PNG ilitengenezwa kwa ajili ya intaneti, ikapitishwa rasmi mwaka 1996, baada ya mzozo wa hataza (haki ya mvumbuzi) iliyoigusa GIF, aina nyingine ya faili la picha. Haibebi CMYK, zile rangi nne za wino. JPEG inaweza.

Dhana: JPEG huchakaa kila ukiifungua.

Ukweli: Ifungue na kuinakili utakavyo. Huchakaa ukiihariri na kuihifadhi upya.

JPG na JPEG, kwa wanaouliza, ni kitu kimoja: DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, ilikubali herufi tatu tu mwishoni mwa jina. Na yule anayefuta .jpg kwa mkono akaandika .png amebadilisha jina. Ndani bado ni JPEG ileile, na korongo bado ana chenga.