Skopu mbili, bunduki nne

Wiki iliyopita kijana mmoja alinipigia kutoka Mbeya. "Shikamoo fundi." Marahaba. "Fundi, bunduki tatu za marehemu baba nimeshamaliza mambo ya leseni, zote ziko kwa jina langu. Ila hela niliyonayo ni ya skopu moja tu ya maana. Ninunue tatu za bei poa, au moja nzuri niwe naihamisha?"

Swali hili la skopu, yaani darubini ya kulengea inayokaa juu ya bunduki, huwa linanifikia Mei na Juni, watu wanapojiandaa na msimu wa Julai. Nimeshika bunduki za watu miaka ishirini na ushee, kwanza kambini huko Rungwa, sasa hapa Iringa mjini, na jibu langu ni lilelile: nunua chache nzuri, uzihamishe. Ila kuhamisha kuna adabu yake. Wengi wanaokuja kunilalamikia kwamba skopu "imedanganya" kioo chao hakina kosa lolote. Kosa liko chini ya kioo, pale skopu inapokaa kwenye bunduki.

Kuhusu ubora sitakaa sana. Saa sita mchana hata skopu ya bei poa inaonyesha vizuri. Itafute saa kumi na mbili na nusu jioni, tandala akiwa amesimama ukingoni mwa kichaka, uone kama utatofautisha bega na tawi. La pili ni la ndani, na ndilo linalonihusu zaidi. Msalaba wa kulengea unaouona kwenye kioo umebebwa na bomba dogo linalosukumwa na springi. Kwenye skopu mbovu unazungusha kifundo cha kurekebisha kliki nne, yaani hatua nne, bomba linasogea mbili, halafu zile mbili nyingine zinakuja zenyewe baada ya risasi ya kwanza kupiga teke. Skopu ya hivyo iache kwenye bunduki moja, au iuze kwa mtu usiyempenda. Kuhamisha kunategemea kliki iwe kliki.

Namna ya kujua bila kumaliza risasi: bana bunduki tupu kwenye vaisi yenye vitambaa, mita 50 mbele bandika karatasi ya miraba ya sentimita moja moja. Kama skopu yako ni ya kliki ya sentimita moja kwa mita 100, hapo mita 50 kila kliki ni nusu sentimita. Weka msalaba kwenye kona ya mraba, zungusha kliki 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto. Kila upande uhesabu miraba 10, na mwisho urudi kwenye kona ileile. Isiporudi, usiinunue. Zile za robo dakika ya pembe nazo zinafaa, ila kliki moja ni kama milimita 7 kwa mita 100, na mimi hesabu za milimita 7 porini sizitaki.

Sasa twende kwenye kiti.

Sheria ya kwanza kwangu: skopu haitoki kwenye ringi zake, zile pete za chuma zinazoishika. Ringi zikishafungwa kwenye bomba la skopu, zimefunga ndoa. Kinachofunguka ni mguu wa chini unaobana reli, kile kipande cha chuma chenye mifereji mgongoni mwa bunduki. Anayehama na skopu tupu, akafungua ringi leo na kufunga ringi nyingine kesho, kila safari anaanza upya: urefu umebadilika, msalaba umelala upande, na bomba limepata mikwaruzo.

Kwa hiyo kila bunduki iwe na reli yake ya kudumu, skurubu zake zimetiwa gundi ile ya buluu inayoweza kufunguka, na skopu zote ziwe na miguu ya aina moja. Napendelea reli ya Picatinny, ambayo jeshi la Marekani liliiwekea kipimo rasmi mwaka 1995. Mifereji yake ina upana wa milimita 5.23, na kutoka mfereji hadi mfereji ni milimita 10 na kidogo. Reli za zamani za Weaver zinafanana nayo kwa macho, lakini mfereji wake ni mwembamba, milimita 4.57. Mguu wa Weaver utaingia kwenye Picatinny na kucheza. Wa Picatinny kwenye Weaver mara nyingi utagoma. Usiulazimishe kwa nyundo, nimeshaona.

Huku kwetu kuna bunduki za Kicheki nyingi, CZ na Brno, na nyingi kati ya hizo hazina hata matundu ya skurubu za reli. CZ 550, kwa mfano, mgongo wake umechongwa kingo za kubania moja kwa moja kwenye chuma, upana milimita 19. Itabidi utafute reli ya kati inayobana kingo hizo, na hapo ndipo bajeti ya kijana wangu wa Mbeya inapoanza kuuma. (Nyingi kati ya hizo ni wajukuu wa Mauser, bunduki ya Kijerumani ya 1898, mwaka uleule Mkwawa alipojipiga risasi ili asikamatwe. Kila nikifungua bolti ya Mauser napita kwenye hilo.)

Halafu uchafu. Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndiko skopu za watu wengi zinakopotelea. Chukua karatasi moja ya daftari. Unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Tuseme miguu miwili ya skopu yako imeachana sentimita 12. Weka unene wa karatasi hiyo upande mmoja chini ya mguu wa mbele, skopu igeuke kidogo tu. Kwa mita 100 risasi imehama sentimita 8 na kidogo. Kwa mita 200, zaidi ya 16. Na hiyo ni karatasi. Punje ya mchanga wa barabara ya Pawaga inaweza kuwa nene mara mbili ya hapo. Umesafiri na bunduki nyuma ya pikapu kutoka Iringa, vumbi limeingia hadi kwenye meno, unafika kambini, unapachika skopu kwa tochi ya kichwani, halafu asubuhi unamkosa swala pala mita 120 na kusema skopu ni mbovu.

Ninavyofanya mimi: bolti nje, chumba cha risasi nakiangalia kwa macho na kukigusa kwa kidole, hata kama nimekitoa risasi mwenyewe dakika moja iliyopita. Reli naipiga mswaki mkavu wa meno, kisha kitambaa chenye spiriti. Chini ya miguu vilevile. Mafuta hapana, yanakamata vumbi. Natua mguu kwenye mfereji wenye alama, nausukuma mbele hadi ugote, na huku naushikilia mbele nabana. Mbele, kwa sababu bunduki inaporuka nyuma, skopu kwa uzito wake inataka kubaki ilipo. Kwa bunduki, ni kama inakimbilia mbele. Ukiacha nafasi mbele, risasi ya kwanza itaiziba kwa ajili yako na ziro, yaani ule mpangilio wa risasi kupiga pale msalaba ulipo, itakwenda nayo.

Nguvu ya kubana iko kwenye karatasi ya mtengenezaji, na kuna toki renchi ndogo za kazi hii. Kofia za ringi nyingi zinataka kama newton-mita 2, ambayo ni ndogo kuliko mkono wako unavyodhani. Mtu wa gereji aliyezoea nati za magurudumu ya Fuso usimpe alenki.

Alama ya mfereji naweka kwa rangi ya kucha. Nyekundu kwa skopu ya kwanza, nyeupe kwa ya pili. Mama watoto bado anauliza kichupa chake cha chekundu kilikwenda wapi.

Baada ya hapo ni daftari. Skopu yangu ya kukuza mara 2.5 hadi 10 ina nyumba yake, bunduki ya kaliba .30-06 ya risasi za gramu 11.66. Hapo ndipo ziro yake kamili, mita 100, na vifundo vimewekwa kwenye sifuri. Ikienda kwenye .308, daftari linasema: chini 4, kushoto 9. Ikirudi nyumbani, narudisha sifuri. Namba hizo ni za bunduki zangu mbili, risasi zilezile, mfereji uleule. Wewe utatafuta zako kwa kupiga. Na hata baada ya kusoma daftari napiga risasi mbili za kuhakiki. Zikikaa sentimita 2 au 3 kutoka katikati, naridhika, sikimbilii kuzungusha. Ziro uliyoipata kwenye baridi ya Mafinga mwezi Juni nayo ihakiki ukishuka kwenye joto, maana baruti ya moto husukuma risasi kwa kasi zaidi.

Risasi hizo mbili za kuhakiki ndizo zinazonifanya nisishauri skopu moja kwa bunduki nne. Ukihama kila wiki, baada ya misimu michache risasi za kuhakiki zimekula bei ya skopu ya pili. Mbili kwa nne, sawa.

Sasa kaliba kubwa, .375. Nyusi yangu ya kulia ina kovu la nusu mwezi. Nilichukua skopu iliyozoea .30-06, nikaitia kwenye .375 H&H ya bosi mmoja bila kubadili mfereji, nikalala kifudifudi kuipiga. Kaliba hiyo ya mwaka 1912 inarusha gramu 19.4, na teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06. Jicho langu lilikuwa kama sentimita 7 kutoka kwenye kioo. Damu, kicheko cha kambi nzima, na bandeji ya huduma ya kwanza. Sasa .375 haishirikiani na nyingine ila skopu yenye nafasi ya jicho ya sentimita 9 au 10, na ikihamia pale inakwenda mfereji mmoja mbele, yaani sentimita moja, na mstari wake mwenyewe kwenye daftari. Kwa kweli napenda zaidi iwe na skopu yake ndogo, 1 hadi 6, yenye mguu wa kufunguka kwa mkono. Nyati aliyejeruhiwa akiingia kichakani, wawindaji bingwa wengi huitoa na kumfuata kwa macho ya chuma, yaani vilengeo vya bunduki yenyewe.

Na neno moja la kisheria: kinachohama ni skopu. Bunduki ina namba yake na leseni ina jina la mtu. Shemeji akiomba "niazime wikiendi hii tu", muazime darubini ya mkononi.

Kijana alinunua moja nzuri, na reli tatu. Jumamosi akanitumia picha kwa WhatsApp akiwa uwanja wa shabaha: matundu matatu yamebanana, ungeweza kuyafunika kwa sarafu ya mia mbili, lakini yote sentimita 9 kushoto. "Fundi, wameniuzia feki?"

Nikamwandikia: reli umeifuta?

Tiki mbili zikageuka buluu. Kimya kama dakika kumi, kisha: "Ngoja kwanza, fundi."