Je, Mtu Anaweza Kufanya Yoga Akaruka Maadili Yake?

"Mimi nimekuja kwa ajili ya mgongo na pumzi. Haya mambo ya maadili ni lazima?" Wanafunzi wapya katika taasisi yetu huniuliza hivyo mara kwa mara, na anayeuliza hana nia mbaya. Anastahili jibu kamili.

Patanjali, mwalimu wa kale wa India, katika Yoga Sutra, kitabu chake cha semi fupi ziitwazo sutra, anataja viungo vinane vya yoga. Cha kwanza ni yama, yaani namna ya kuishi na wenzako: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzuia tamaa ya mwili na kutolimbikiza. Cha pili ni niyama, adabu ya mtu na nafsi yake: usafi, kuridhika, kujinyima, kujisoma na kujikabidhi kwa Mungu. Mikao, ambayo wengi leo ndiyo wanayoiita yoga, inakuja ya tatu, na ameieleza kwa sutra tatu tu. Yama, kinyume chake, anaiita kiapo kikuu kisichobadilika kwa sababu ya tabaka, mahali, wakati wala hali.

Hata hivyo, si mapokeo yote yanapanga hivyo. Maitri Upanishad, andiko la kale la Kihindu, inafundisha yoga ya viungo sita, na yama na niyama hazimo. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15 kuhusu hatha, yaani yoga ya mwili na pumzi, inaiita mikao kiungo cha kwanza cha hatha. Kwa hiyo anayetaka kuanzia kwenye mkeka aanze, hajakosea. Ila kuchelewa kuyafikia maadili ni jambo moja, kuyaacha kabisa ni jingine.

Mtazame mwanafunzi anayeinama mbele kushika vidole vya miguu. Mikono haifiki. Anauma meno, pumzi imekatika, jicho liko kwa jirani aliyefika, naye anazidi kujivuta huku maumivu yakimchoma chini ya kalio, pale msuli wa nyuma ya paja unaposhikana na mfupa. Nikimweleza anatomia yote bado ataumia. Kinachomwokoa ni kutoudhuru mwili wake, kukiri kwamba hapa ndipo alipofikia leo, na kuacha kuutamani mkao wa mwenzake. Hiyo ni yama, na imeingia ndani ya mkao wenyewe.

Kwenye kutafakari jambo hili linaonekana wazi zaidi. Patanjali anasema yoga ni kutuliza mizunguko ya akili. Sasa mtu amemdanganya mwenzake asubuhi, jioni amekaa, amefumba macho. Uongo unahitaji mlinzi: nilimwambia nini, nani mwingine alisikia, kesho nikiulizwa nitajibuje? Anairudisha akili kwenye pumzi, inatoroka tena kwenda kulinda. Wala si kwamba mbinu yake ni mbovu. Ameipa akili kazi ya zamu, kisha anaitaka ipumzike. Kwa maoni yangu, anayetaka mazoezi ya viungo tu anaweza kufaidika bila kuijua hata yama moja. Anayetaka utulivu hawezi kuiruka.

Sisi humwomba mgeni achague yama moja aishi nayo kwa wiki. Wengi huchagua kutodhuru, wakidhani ndiyo nyepesi kwa sababu hawampigi mtu. Ndipo tunapowasomea sutra inayohesabu madhara ya aina tatu: unayoyatenda, unayomtuma mwingine ayatende, na yale unayoyaona ukaridhia.