Mtoto haumwi ila mkojo una bakteria, maana yake nini?

Hii inawachanganya wazazi wengi sana hapa Dar. Mtoto wa darasa la tatu kapelekwa kupimwa kwa ajili ya mafua tu, wakaongezea na mkojo, majibu yanasema bakteria wapo, mama anatoka hapo moja kwa moja mpaka famasi anaulizia antibayotiki, na mtoto mwenyewe yuko nje anacheza rede, hana homa, tumbo haliumi, akikojoa haungui.

Hiyo hali kitaalamu inaitwa bakteriuria isiyo na dalili. Yani bakteria wapo kwenye mkojo na ni wengi kweli, maabara wakiuotesha wanakuta 100,000 au zaidi kwenye mililita moja, ila mwili haulalamiki. UTI, yani maambukizi ya njia ya mkojo, ni pale wanapoanza kusumbua, mtoto anaungua, chooni haishi kwenda, homa inapanda. Mdudu anaweza akawa yule yule E. coli wa kwenye utumbo.

Wanafunzi wa kike ndo wanakuwa nayo zaidi, kama 1 au 2 kwenye 100, wa kiume ni nadra, maana njia ya mkojo ya msichana ni fupi na iko karibu na pa kutokea haja kubwa.

Sasa daktari akikwambia muache usimwone mzembe. Wengi inaisha yenyewe bila kuacha madhara kwenye figo, afu ukimpa dawa unamfukuza mpangaji mkimya halafu chumba anaingia mhuni, yani bakteria sugu ambao siku mtoto akiumwa kweli dawa za kawaida haziwawezi. Ndo maana mwongozo wa 2019 wa chama cha Marekani cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza unasema watoto wa hivi wasitafutwe kwa vipimo wala wasitibiwe.

Na uulize pia huo mkojo ulichukuliwaje!! Kikopo kikikaa mezani masaa kwenye joto letu hili bakteria wanazaliana humo humo, na ule wa mwanzo unakuja na uchafu wa ngozi, unatakiwa ule wa katikati.

Mjamzito ni habari nyingine, yeye anatibiwa hata kama hasikii chochote. Na mtoto akikojoa damu hapo usisubiri, huku pwani inaweza ikawa kichocho, mpeleke akapimwe.