Muungano wa maktaba za vyuo: maana yake na unavyofanya kazi

Muungano wa maktaba za vyuo, ambao wengi huuita konsotia, ni mpango ambamo maktaba kadhaa hugawana kazi, mikusanyo au gharama kwa masharti yaliyoandikwa, huku kila moja ikibaki chini ya chuo chake. Hati ya makubaliano yenye saini za wakuu wa vyuo haitoshi. Isipojulikana nani analipa nini, kufikia lini, na nani anajibu maombi ya vitabu, huo bado ni ujirani mwema tu.

Msingi wa yote ni orodha ya pamoja. Mwaka 1967 vyuo vya jimbo la Ohio, Marekani, viliunda OCLC, kituo cha pamoja cha maktaba zao, na kufikia 1971 maktaba zake zilikuwa zikiorodhesha vitabu kupitia kompyuta zilizounganishwa: maktaba ya kwanza huandika taarifa za kitabu, nyingine huzinakili badala ya kuanza upya. Hapo ndipo ilipotoka WorldCat, orodha ya pamoja ya maktaba za nchi nyingi. Kinachoharibu orodha kama hii ni data chafu: mwandishi mmoja ameandikwa kwa namna tatu, matoleo yamechanganywa, kitabu kilichopotea zamani bado kinaonyesha kwamba kipo rafuni. Kabla ya kuunganisha, kubalianeni kutumia MARC 21, yaani muundo sanifu wa kuandika taarifa za vitabu kwenye kompyuta, na orodha moja ya majina sanifu ya waandishi, kisha ondoeni taarifa zilizojirudia. Kazi hii huchosha, na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Juu ya orodha hiyo husimama uazimishanaji. Msomaji hupeleka ombi kwenye maktaba ya chuo chake, nayo huliwasilisha kwa maktaba yenye kitabu. Kikipotea, maktaba iliyoomba ndiyo inayodaiwa na mwenzake. Namna ya kumbana msomaji wake ni shauri lake. Makala za majarida hutumwa kwa nakala ya skana, ndani ya mipaka ya hakimiliki. Tatizo la kudumu ni kwamba maktaba kubwa huazimisha kuliko inavyoazima, na baada ya muda huanza kuchelewesha majibu. Dawa ni kugawa maombi kwa zamu, au kumfidia anayetoa zaidi. Kwa kazi hiyo, IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, ilianzisha mfumo wa vocha za malipo mwaka 1995.

Penye fedha nyingi ni ununuzi wa pamoja wa majarida ya kielektroniki. Mchapishaji hupata mteja mmoja mkubwa, maktaba hupata bei nafuu. Ugomvi huanza kwenye mgawanyo. Tuchukue bili ya dola 60,000 kwa maktaba 6. Ikigawanywa sawasawa, kila moja hulipa 10,000, na chuo kidogo hujitoa. Kwa hiyo miungano mingi huchanganya vigezo, kwa mfano asilimia 30 sawa kwa wote, 50 kwa idadi ya wanafunzi na 20 kwa matumizi. Chuo chenye asilimia 10 ya wanafunzi na 5 ya matumizi kitalipa 3,000, kisha 3,000, kisha 600: jumla 6,600. Kigezo cha matumizi kisipewe uzito mkubwa, maana kinamwadhibu anayewafundisha wasomaji wake kutafuta makala.

Takwimu za matumizi zichukuliwe kwenye ripoti za COUNTER, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi, ambazo hupima wachapishaji wanaokifuata kwa kanuni moja. Gawanya gharama ya kila jarida kwa idadi ya makala zake zilizofunguliwa; gharama ya makala moja ikizidi bei ya kuinunua peke yake, jarida hilo halistahili kubaki kwenye kifurushi cha majarida mnachonunua.

Kuna mambo ambayo hukwamisha hata mkataba mzuri. Miaka ya fedha ya vyuo haifanani, hivyo mmoja hulipa mapema na mwingine miezi baadaye, ilhali mchapishaji anaweza kuwafungia wote. Chuo hubadilisha anwani zake za IP, yaani namba za mtandao ambazo mchapishaji hutumia kuwatambua wasomaji wake, bila kuutaarifu muungano, na kesho yake wasomaji wake hawawezi kuingia. Ni vizuri kuwe na mfuko mdogo wa akiba wa kuziba pengo la anayechelewa, na mtu mmoja mwenye jukumu la kusahihisha anwani.

Katika leseni, yaani mkataba na mchapishaji, hakikisheni kuna kikomo cha ongezeko la bei kila mwaka, ruhusa ya kuazimishana, na muda wa notisi kwa anayejitoa. Ulizeni pia kama majuzuu mliyokwisha kuyalipia yataendelea kusomeka mkataba ukikoma. Kifungu hicho kisipokuwepo, mlichonunua ni ukodishaji, na siku ya mwisho ya mkataba miaka yote ya nyuma hufungwa pamoja na ya sasa.